Niliyekaa Nyuma ya Pikipiki ni Mimi

Tangu nirudi kutoka Pate sipiti mtaani kwetu Langoni kwa raha. Nikifungua duka mwanipa mikono, nikitoka msikitini mwanipisha mbele, na juzi mmoja wenu aliniletea kahawa mwenyewe akawaambia waliokuwapo, "Huyu ndiye simba wa Tundwa." Nilicheka, nikaitikia, na kahawa nikainywa. Usiku wake sikulala vizuri.

Mnataka kujua jinsi nilivyoiendesha pikipiki porini nikamfikisha mkunga kwa mama aliyekuwa akivuja damu. Basi nawaandikia safari yote, kituo kwa kituo, msome wenyewe. Habari za barua, stakabadhi na simu za Mombasa naziruka, hazina utamu wala hazina kosa langu ndani yake. Makosa yangu yako njiani.

Wengi wenu mwamjua Zainabu, binti ya shangazi yangu, aliyeolewa Kizingitini na ambaye ni mkunga huko. Waja wazito wanaomtegemea wametawanyika kisiwa kizima, na Pate yote haina barabara ya lami. Huenda kwa miguu, au hungoja pikipiki ya kukodi, ikiwa ipo. Kaka yetu mkubwa, Swaleh, aliyeko Maskati, alisema atamnunulia chombo chake mwenyewe. Vilikuwa viwili, achague kimoja: kwodi, yaani ile pana ya magurudumu manne, au pikipiki ndefu ya porini, yenye matairi ya meno na springi za kuruka mashimo. Swaleh akanipigia. "Twalibu, wewe ndiwe mtu wa mashine. Nenda ukavijaribu huko huko. Utakalosema ndilo."

Mtu wa mashine! Nauza vipuri vya mashine za boti, na injini ikikohoa nikiwa dukani najua ni plagi au ni mafuta machafu. Kifua kilinitanuka. Sikufikiri hata mara moja kwamba yuko mtu mwingine wa kuulizwa.

Lamu hadi Mtangawanda

Kwodi ya kujaribia niliazimwa na rafiki mwenye nyumba ya wageni upande wa Manda. Kuipandisha kwenye boti ya mizigo kulitaka watu sita, na mmoja akabanwa kidole. Hilo peke yake lingetosha kunipa habari, lakini mimi nilikuwa nimekaa juu ya kiti chake, nimeshika usukani, nawasimamia.

Tuliondoka tumechelewa kwa sababu ya magunia ya saruji ya mtu ambaye hakutokea. Kufika Mkanda, ule mkondo mwembamba wa mikoko, maji yamekwisha kutoka, na boti ikakaa juu ya mchanga zaidi ya saa mbili. Jua lilikuwa kali. Mama mmoja wa Faza alifungua kikapu akatugawia viazi karai na ukwaju, bila kumbagua mtu. Mimi nilikula pale pale juu ya kwodi, maana ndicho kiti pekee chenye sponji katika boti ile.

Mzee mmoja alinitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Bwana, wagombea nini?"

"Sigombei kitu."

"Basi mbona umekaa yuu kana kwamba wataka kutuhutubia?"

Boti nzima ikacheka. Nilimweleza kwamba hiki ni chombo cha mkunga na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuchagua. Akainuka, akakizunguka, akakipima kwa shubiri upande hadi upande. "Ndia za Siyu zitakipisha?"

"Hayo ya njia za Siyu nimeyafikiria," nikasema. Sikuwa nimeyafikiria. Nilishuka nikakaa kwenye saruji na wenzangu hadi maji yalipojaa.

Mtangawanda hadi Pate

Zainabu alikuwa akiningoja gatini, na mkoba wake wa kijani begani, ule wenye dawa na vifaa vya kuzalishia. Akaniamkia, akanibusu mkono. Pembeni yake alikuwapo Athmani, fundi wa Siyu, mtu mzima mwenye watoto watatu, na pikipiki yake ndefu ya porini ambayo alikubali tuijaribu.

"Mzee, anza na hii," Athmani akaniambia, akinipa ufunguo. "Ukiishikisha mchanga hutataka kushuka."

Sasa niwaambie jambo ambalo hata mke wangu alikuwa halijui. Mimi siwezi kuendesha chombo cha magurudumu mawili. Si pikipiki tu, hata baiskeli. Nimezaliwa Lamu, mji wa miguu na punda, na utotoni kwetu hapakuwa na wa kunifundisha. Nilipokuwa Mombasa kijana wa miaka ishirini nilijaribu baiskeli ya rafiki, nikaingia nayo katika meza ya nyanya ya mama mmoja, na soko zima likasimama kunicheka. Tangu siku ile, kila nikialikwa kupanda nimekuwa na udhuru. Miaka thelathini ya udhuru! Mtu akizoea hivyo, udhuru humtoka wenyewe bila hata kuutafuta.

"Mgongo," nikamwambia Athmani. "Mgongo wanisumbua. Kwodi kwanza."

Zainabu akashtuka. "Tangu lini, kaka? Na safari yote hini umekuya nao hivyo?" Akanikalisha chini, akanibonyeza kiunoni akiuliza hapa, na hapa je, nami nikasema hapo kidogo. Kisha akanipa vidonge viwili kutoka katika ule mkoba, akasimama kunitazama hadi nilipovimeza. Vidonge vya wagonjwa wake.

Tukaondoka, mimi na Zainabu kwenye kwodi, Athmani mbele na pikipiki. Nilikuwa na tepu ya kupimia. Nilijiambia mtaalamu hapimi kwa macho, na kila penye wembamba nikashuka nikapima, nikaandika. Karibu na mashamba ya tumbaku alitokea bibi mmoja na jembe mkononi.

"Wee! Wapima shamba la nani?"

"Napima njia, Bi."

"Waliokuya mwaka ule na utepe kama huo walisema ndia pia. Ndia hatukuiona, na minazi yangu miwili haipo!" Jembe lilikuwa limeinuka kidogo.

Zainabu akashuka haraka. "Bi, huyu ni kaka yangu wa Lamu. Apima ndia ya chombo changu cha kazi."

Bibi akamtambua, uso ukalegea. Kumbe Zainabu amezalisha wajukuu wake wawili. Akatuvunjia madafu, tukanywa hapo hapo chini ya kibanda cha kukaushia tumbaku. Tulipokuwa twaondoka aliniuliza, "Chombo ni chake yeye?"

"Ndiyo, Bi."

"Basi mpe yeye huo utepe apime. Ndiye atakayepita."

Nikacheka, nikaona maneno ya bibi wa shamba. Tepu nikairudisha mfukoni mwangu.

Pate hadi Siyu

Lazima niseme haki: kwodi ni chombo kizuri. Katika mchanga mwepesi, pale ambapo pikipiki ya Athmani ilikuwa ikitikisa mkia, sisi tulipita tumetulia. Nyuma ina chuma cha kufungia mzigo, hata machela ukitaka. Haianguki. Hilo la kutoanguka nilimwambia Zainabu mara nyingi mno.

Lakini kila tulipofika penye mawe, Athmani alikuwa amekwisha kupita pembeni, amezima injini, amekaa kivulini atungoja. Mimi nilishuka, nikasogeza mawe, nikapanda, nikashuka tena. Mara moja gurudumu liliingia shimoni, tukaitana watatu kuinyanyua kwodi, na hatukuiweza hadi walipotokea wakata kuni wawili.

"Kaka," Zainabu akasema tulipokwisha kutoka, "ikikwama na mimi ni peke yangu, nitaitoaje?"

"Watu wako tele."

"Huku?"

Nikatazama huku na huku. Palikuwa na ndege tu. Ndipo niliposema maneno ambayo ningetoa duka langu yarudi kinywani. Nilimwambia, "Zainabu, lile pikipiki refu si la mwanamke wa heshima. Utalipandaje na buibui? Watu watasema nini, mtoto wa nyumba yetu akitandaza miguu mbele ya kadamnasi? Mimi nakulindia jina lako."

Aliupangusa mkoba wake vumbi. Kisha akasema taratibu, "Wayua wewe, kaka."

Nilidhani amekubali. Hata nilifurahi, jamani, kwamba sababu nimeipata na ina sura ya dini na adabu. Uoga wangu nilikuwa nimeuvika buibui la Zainabu.

Siyu tulishukia kwa Bi Somoe, mama mkubwa wa mume wake Zainabu, mjane anayekaa peke yake. Alitupikia mikate ya mofa na samaki wa nazi, akaniwekea mimi kichwa kwa kuwa ni mgeni. Halafu Zainabu akamweleza habari ya mgongo. Bi Somoe hakungoja neno langu. Alipasha chumvi moto, akaifunga kwa kitambaa, akanilaza kifudifudi, akanikanda saa nzima huku akisoma dua. Mafuta aliyonipaka ni ya chupa aliyoletewa na mwanawe kutoka Hija, yalikuwa yamebaki robo, akayamaliza. Kitanda chake akanipa mimi, yeye akatandika mkeka ukumbini. Mgongo wangu haukuwa na kitu.

Jioni nilitoka na Athmani kutazama njia ya kesho. Barabara kubwa hupita kando ya mikoko, na Athmani akanionya kwamba siku hizo za bamvua maji huifunika alfajiri. Njia kavu ni moja tu, ile ya punda, inayopita katikati ya magofu. Pana mahali kuta mbili za nyumba ya kale zimekaribiana, zimeacha upana wa punda mwenye mashogi yake mawili, makapu ya ubavuni, basi. Upande mmoja ukuta umebomoka hadi kiunoni. Nikapima. Kwodi ina inchi arobaini na sita. Pale pana arobaini na mbili.

"Inatosha?" Athmani akauliza.

"Yatosha," nikasema, nikaiachia tepu ijikunje.

Nilijiambia ukuta utavunjwa siku moja, au bamvua si kila siku. Nikapanda juu ya kifusi palipo na mtandao, nikampigia Swaleh. "Kwodi," nikamwambia. "Nimepima kila kitu. Na ile nyingine haimfai mwanamke." Swaleh akasema Alhamdulillahi, kesho kutwa itapakiwa. Mambo yakawa yamekwisha, na ilikuwa siku ya kwanza tu ya safari.

Siyu hadi Tundwa

Saa kumi na mbili asubuhi simu ya Zainabu ililia. Mke wa mvuvi mmoja wa Tundwa, Kombo, alikuwa amejifungua mikononi mwa mama mkwe wake, mtoto mzima, lakini kondo la nyuma halikutoka na damu haikatiki. Zainabu akawa amevaa kabla simu haijazimwa.

Athmani alikuwa ameondoka na boti ya mjomba wake tangu alfajiri. Pikipiki aliiacha uani kwa Bi Somoe, ufunguo akaniachia mimi, ikiwa mgongo utapoa niijaribu. Zainabu aliitazama pikipiki, kisha akanitazama mimi. Mimi nikawasha kwodi.

Barabara kubwa ilikuwa maji matupu. Nikaingia njia ya punda. Nilijua. Nataka mjue kwamba nilijua, inchi nne si jambo la kusahau usiku mmoja. Lakini nilikwisha kusema yatosha, na nadhani nilitaraji nikienda kwa kasi kuta zitasogea kwa ajili ya neno langu. Gurudumu la kulia likapanda jiwe, la kushoto likajibana ukutani, usukani ukanipiga kifuani, na kwodi ikakaa pale imekazana kama kizibo. Injini ikazimika.

Zainabu akashukia nyuma, mkoba kifuani. Wakaja majirani wanne, wakavuta, wakasukuma, wakasema Bismillahi kwa pamoja, haikwenda mbele wala nyuma. Nyuma yetu akafika mtu na punda wake wa mchanga. Akatungoja kidogo, akauliza kwa upole, "Na sisi twapita wapi, Bwana?"

"Kaka," Zainabu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Iwate hapo ilipo. Kimbia ukalete pikipiki. Tutaivusha hapo ukuta ulipobomoka, unipeleke."

Nikakimbia. Nilipoingia uani Bi Somoe alikuwa akifagia. Akaniona ninavyokwenda mbio, ufagio ukasimama. "Mashallah," akasema kwa furaha ya kweli, "mgongo umepoa!" Sikuweza kumtazama. Nikaitoa pikipiki kwenye stendi yake, nikashika usukani kwa mikono miwili, na nikaisukuma. Njia yote ile ya magofu niliisukuma, jasho likinitiririka, pikipiki nzima, yenye mafuta tele, na ufunguo mfukoni mwangu.

Zainabu alinijia mbio. "Mbona waisukuma? Haiwaki?"

"Yawaka."

"Basi?"

Majirani wanne, mwenye punda, na Zainabu. Wote wananitazama. Mama wa watu anavuja damu Tundwa. Nilitamani ardhi inimeze, na ardhi haikufanya hivyo.

"Siyui kuiendesha," nikasema. "Hata baiskeli siyui. Sikuyua maisha yangu. Mgongo hauna kitu."

Hakuna aliyecheka. Heri mmoja angecheka. Zainabu alinikazia macho muda wa kuvuta pumzi moja, kisha akaanza kuzikusanya pindo za buibui, akazifunga kiunoni fundo moja la haraka, na chini yake alikuwa amevaa suruali. Ni fundo la mtu aliyelifunga mara nyingi.

"Mimi nayua," akasema.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Mke wa Athmani alinifundisha, kwenye uwanda wa chumvi, ambapo watu hawatuoni." Alikuwa akisema huku akichukua ufunguo mkononi mwangu na kushika usukani. "Nilikuwa nangoja uichague wewe, kaka. Ukiichagua wewe, nani wa kunisema?"

Watu watatu tu waliinyanyua pikipiki ile wakaivusha juu ya ukuta. Watatu! Zainabu akaipiga teke, ikawaka mara moja. "Panda nyuma. Shika mkoba, usiuinamishe."

Nikapanda. Kwa kutojua nilikaa upande, miguu yote miwili kushoto, kama wanawake wetu wanavyokaa, na hapakuwa na wakati wa kujirekebisha. Mkono mmoja nimeukumbatia mkoba, mwingine nimeshika chuma cha kiti, macho nimeyafumba nusu ya njia. Nusu niliyoyafumbua niliona jinsi anavyoendesha. Penye mchanga alisimama juu ya vikanyagio, akaiacha itikisike bila kushindana nayo. Penye mawe alipita ukingoni palipobaki upana wa unyayo. Maji ya kijito yalitufika vifundoni, hakupunguza. Dakika ngapi sikuhesabu. Nilikuwa nikihesabu zile tulizopoteza ukutani.

Kabla ya nyumba za kwanza za Tundwa, penye minazi, alisimama ghafla. Akashuka, akalifungua fundo, buibui likashuka hadi miguuni. Akanipokonya mkoba, akanishikisha usukani. "Ingia nayo wewe," akasema, na akaanza kukimbia.

Nikabaki nimesimama na pikipiki ya moto mikononi. Hata katika haraka ile alikumbuka maneno yangu ya jana. Hadi leo sijui ni jina lake alilolilinda pale au ni uso wangu.

Tundwa na Kizingitini

Basi Tundwa waliniona naingia nikiisukuma pikipiki, nimelowa jasho na matope, na Zainabu ametangulia mbio na mkoba. Wakajaza wenyewe yaliyobaki.

Nilikaa nje na Kombo. Ni mpiga mbizi wa kamba wa miambani, kijana mwenye kifua kipana, na tasbihi aliihesabu akaikosea, akaianza upya. Ndani palikuwa kimya, kisha tukasikia sauti ya Zainabu akitaka maji ya moto, kisha kimya tena. Mtoto alilia. Kombo alikuwa akiniuliza kila mara, "Damu huisha, Bwana? Huisha?" nami nikamwambia inshallah, na moyoni nilikuwa najibu mwenyewe: huisha, kama mkunga hakupotezewa wakati penye ukuta.

Alitoka mama mkwe, amefunika uso kwa leso. Kombo akasimama, akakaa. Mama akaifunua leso, akacheka na kulia pamoja. Kondo limetoka, damu imekatika, mama ameomba chai.

Zainabu alikaa naye hadi adhuhuri ndipo akatoka. Alikaa kibarazani, akapewa uji, akaushika bila kuunywa. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama tulichelewa. Hakutaka kunidanganya wala kuniumiza, nadhani. Akasema, "Tumemkuta, kaka." Akanywa uji.

Kombo alinishika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili. "Mola akulipe. Lau si wewe na pikipiki hiyo, leo nazika." Akaniletea kamba koche wanne, wakubwa, wazima, wamefungwa kwa ukili ndani ya kikapu cha majani mabichi. Hapo ndipo pa kusema. Kinywa nilikifungua kweli. Nikasema, "Alhamdulillahi, Bwana Kombo," na kikapu nikakipokea.

Jioni, Kizingitini, nilikwenda hadi pwani wanakoanikwa nyavu, nikampigia Swaleh. Nikamwambia asimamishe kwodi, alete pikipiki.

"Jana si ulisema haimfai mwanamke?"

"Nilisema urongo, kaka." Nikamweleza kila kitu: mgongo, tepu, inchi nne, ukuta. Nikamweleza hata nyanya za Mombasa. Nilikuwa namngoja anitukane.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu. "Na Zainabu mwenyewe alitaka kipi?"

"Hatukumuuliza."

"Hatukumuuliza," Swaleh akarudia. "Wala mimi." Sauti ilikuwa imemshuka. "Mpe simu."

Nikampelekea. Alizungumza naye muda mfupi kuliko niliouchukua mimi kupima kichochoro kimoja. Alitaka pikipiki, kiti kishushwe kidogo, na nyuma pawe na kisanduku cha chuma cha mkoba. Alikuwa nayo yote kichwani, tangu zamani.

Kurudi

Kwodi ilitolewa kwa kuvunja ukuta kidogo, na nikaujenga mimi mwenyewe na Athmani kwa mawe yale yale, siku nzima. Kwa Bi Somoe niliingia kuomba radhi. Alinisikiliza, akasema mafuta yatakuja mengine, mwanawe angali hai. Akanipa mikate ya mofa ya njiani. Afadhali angenifukuza.

Nilipofika gati ya Lamu, habari zilikuwa zimenitangulia na boti ya asubuhi, nami ndani yake ni simba. Wale kamba mliowala kwangu Ijumaa, mkalamba vidole, mkanisifu, ndio wale wa Kombo. Mlikula zawadi ya Zainabu. Nami niliketi penye sinia nikawagawia.

Sasa pikipiki imefika Lamu. Jumamosi itashushwa Mtangawanda, na nasikia mmekodi boti mje kuniona nikiipanda. Njooni. Njooni wote, na yule wa kahawa akae mbele aone vizuri. Mtamwona Zainabu akifunga buibui lake kiunoni mbele ya gati nzima. Ataiendesha mchana mweupe, apite Pate, apite Siyu mlangoni kwa Bi Somoe, na pale penye minazi ya Tundwa hatasimama. Ataingia nayo hadi kwa Kombo, nami nitashuka pale nimwambie yule mtu kwa kinywa changu ni nani aliyemletea mkunga.

Jana nilimpigia Zainabu, na safari hii nilimuuliza kwanza. Nilimuuliza kama anakubali nikae nyuma yake, watu waone.

"Kaa, kaka," akasema. "Lakini mara hini tandaza miguu, usije ukaanguka na mkoba wangu."